Kununua kilicho chako: kisa cha hati ya hariri ya Kim Si-min iliyorudi Korea mwaka 2006

Nianze na hili la majina. Walioiuza hii hati, walioiona kwanza na waliokaa mezani kupanga bei ni watu binafsi, kwa hiyo hao nimewaita "mtafiti", "muuzaji" na kadhalika, na chochote cha kuwatambulisha nimekitoa. Majina ya watu wa miaka ya 1500 na 1600 nimeyaacha kama yalivyo, maana ukiyatoa hayo hakuna kisa tena, na wenyewe hawatalalamika.

Kisa ni hiki. Mwaka 1604 mfalme wa Joseon, ndo dola ya Korea ya wakati ule, alitoa hati ya hariri kumheshimu mkuu wa mji mmoja aliyekufa akilinda ngome yake. Miaka 401 baadaye hati ileile ikaonekana mnadani Tokyo, ina bei. Mwaka uliofuata ikarudi kwao kwa kulipiwa yen milioni 14, na hizo hela hazikutoka hazina ya serikali, zilichangwa na wananchi. Swali ambalo watu wa makumbusho bado wanabishana ni kama ilikuwa sawa kulipia kitu ambacho unaamini ni chako. Mi naona ilikuwa sawa, lakini sababu yangu sio ile inayosemwaga sana, nitafika huko.

Huyu mtu alikuwa nani

Kim Si-min alizaliwa 1554. Vita vilipoanza 1592, Japani ilipoivamia Korea, alikuwa ofisa msaidizi tu pale Jinju, mji wa kusini, na akapandishwa kuwa moksa, cheo ambacho kwa lugha yetu tungesema mkuu wa mji, ila huyu mkuu wa mji anaongoza na askari. Wajapani wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wao wa wakati huo, walitua Busan, bandari ya kusini, na ndani ya kama siku ishirini Seoul ilikuwa mikononi mwao. Mfalme Seonjo alishakimbia kabla hawajafika, akaenda Pyongyang, akatoka huko akaenda mpaka Uiju, kule kwenye mto Yalu mpakani na China, yaani alifika ukutani kabisa, hatua moja zaidi anakuwa mkimbizi.

Jinju ilikuwa na maana kwa sababu ya wali, kwa kusema wazi. Ukiivuka Jinju unaingia mkoa wa Jeolla, na Jeolla ndo ghala la mpunga la nchi nzima. Mwezi wa kumi wa kalenda yao, 1592, jeshi la Wajapani kama 20,000 likaja kuizunguka ngome iliyokuwa na askari 3,800. Kim akawavalisha wanawake na wazee nguo za kiume wasimame juu ya ukuta, ili ukitazama kwa mbali useme hee mbona wako wengi. Nje ya ngome vikosi vya wananchi wa kujitolea, wakiwemo wa Gwak Jae-u, walikuwa wanapanda vilima usiku na mienge na kupiga pembe ili adui asilale. Mapigano yakaenda siku sita. Siku ya mwisho, Wajapani wakiwa wamechoka na wanajiandaa kurudi nyuma, risasi ikampiga Kim kichwani. Ofisa mwenzake Yi Gwang-ak akashika uongozi na ngome ikasimama. Kim akafariki baadaye kwa jeraha hilo, na habari ya kifo chake ikafichwa kwanza ili watu wasivunjike moyo.

Huko Japani cheo chake kiligeuka kuwa jina. Moksa wakaitamka "Mokuso", na huyo Mokuso akawa mtu wa kuogopwa. Mwaka uliofuata, 1593, walirudi Jinju na jeshi kubwa mara kadhaa ya lile la kwanza kulipa kisasi, ngome ikaanguka, wakamkata kichwa mkuu wa mji aliyekuwepo wakati huo, Seo Ye-won, wakakipeleka kwa Hideyoshi wakidhani ndo Mokuso mwenyewe. Hawakujua kwamba wanayemtafuta alishakufa miezi mingi nyuma. Nimeisimulia hii kwa sababu inakupa picha ya jina la huyu mtu lilivyokuwa na uzito pande zote mbili za bahari, na hati yake baadaye ikaja kukaa upande uleule uliokuwa unamtafuta.

Hati yenyewe, tuitazame kwa karibu

Kikorea inaitwa gyoseo, maneno ya mfalme yaliyoandikwa. Na anayepewa anaitwa gongsin, yaani mtumishi ambaye mfalme anakiri mbele ya dola nzima kwamba ana deni la fadhila kwake. Vita viliisha 1598, mabishano ya nani apewe yakaanza 1601, na orodha ikatoka 1604. Kim alikuwa ameshalala kaburini miaka 12.

Ni gombo la hariri, limeandikwa kwa mkono, herufi za Kichina kwa sababu ndo ilikuwa lugha ya ofisi, zinashuka kutoka juu kwenda chini na unasoma ukitokea kulia, na kuna mhuri mwekundu wa mfalme. Kwanza inasimulia alichofanya. Alafu inakuja sehemu ya zawadi, na hapa lugha inabadilika kabisa, shairi linaisha inakuwa kama vocha ya malipo. Kim aliwekwa daraja la pili. Daraja la pili maana yake: yeye apandishwe vyeo viwili, na wazazi wake, mkewe na wanawe vilevile vyeo viwili, kama hana mtoto wa kiume basi mpwa au mkwe apandishwe kimoja, mtoto wa kwanza wa ndoa arithi posho kizazi hadi kizazi, na wajukuu wakija kukosea wasamehewe. Juu ya hapo walinzi 6, watumwa 9, watumishi wa ofisi 4, shamba gyeol 80, madini ya fedha nyang 7 (nyang ni kipimo cha uzito), kitambaa, na farasi mmoja kutoka zizi la mfalme. Gyeol sio eka, wala usijaribu kuigeuza kuwa heka. Ilikuwa kipimo cha mavuno, kwa hiyo gyeol moja kwenye udongo mzuri ni kipande kidogo na kwenye udongo mbovu ni kipande kikubwa.

Watumwa 9 wameandikwa katikati ya orodha, kati ya walinzi na shamba, bila hata kituo. Hati ya heshima ya mtu mmoja ndo hapohapo hati ya watu tisa kuhamishwa mwenye mali, na sijawahi kuona bango la maonyesho linaloanza na hilo.

Kuna na jambo la jina la heshima. Daraja la kwanza waliitwa Hyochung Jangui Jeogui Hyeomnyeok Seonmu Gongsin. Daraja la pili unaondoa Jeogui. Daraja la tatu unaondoa na Hyeomnyeok. Yaani kila ukishuka wanakukata herufi mbili, mtu akisikia tu urefu wa jina lako mlangoni anajua umekaa wapi. Mi hii kitu ilinifurahisha sana, ni urasimu uliokamilika.

Mwishoni kuna majina ya wote 18 waliopewa sifa hiyo ya Seonmu. Hapo ndo hati inaacha kuwa ya mtu mmoja, na hapo pana mambo.

Orodha ya 18 na orodha ya 86

Siku ileile mfalme alitoa orodha nyingine, Hoseong, ya waliomsindikiza akikimbilia Uiju. Waliotambuliwa kwa vita vya miaka saba, yaani majemadari na wajumbe wachache waliotumwa China kuomba msaada: 18. Waliomsindikiza mfalme: 86. Na katika hao 86, matowashi wa ikulu walikuwa 24, na daktari wa mfalme Heo Jun naye yumo. Simdharau Heo Jun, huyo alikuja kuandika kitabu cha tiba kinachoheshimika mpaka leo. Ila we fikiria, matowashi peke yao wanawazidi majemadari wote kwa idadi.

Seonjo alikuwa na hoja yake na aliitoa wazi barazani: aliyeshinda vita ni jeshi la Ming kutoka China, majemadari wetu walifuata nyuma tu, na Ming walikuja kwa sababu sisi tulifika Uiju tukawaomba, kwa hiyo wa kushukuriwa ni walioniwezesha kufika Uiju. Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Ukikaa karibu na anayeandika orodha, unaandikwa. Mfalme aliyekimbia akiwapa sifa kubwa waliobaki kupigana, ni kama anaandika hukumu yake mwenyewe, kwa hiyo ilibidi kukimbia kugeuzwe kuwa kazi ya kishujaa.

Sasa tazama daraja la kwanza la wale 18. Yi Sun-sin, jemadari maarufu wa majini, Kwon Yul wa nchi kavu, na Won Gyun, naye wa majini. Yi alikufa 1598 kwenye mapigano ya mwisho, Kwon 1599, Won 1597. Wote watatu marehemu. Won Gyun alikuwa amependekezwa daraja la pili, mfalme ndo aling'ang'ania apandishwe, japo ndiye aliyeongoza jeshi la majini likaangamizwa karibu lote. Ukimuweka Won sawa na Yi, Yi anapungua, hesabu ni hiyo. Na Gwak Jae-u, yule wa mienge vilimani, alikuwa hai, ana jina kubwa, ana watu wanaompenda. Kwenye wale 18 hayumo. Shujaa marehemu hana jeshi la kuleta mlangoni kwako, na mi naamini hiyo ilisaidia kura ya Kim pia, ingawa kazi aliyofanya haina ubishi.

Kwa hiyo kilichoonekana Tokyo 2005 kilikuwa zaidi ya cheti cha shujaa. Ni kama muhtasari wa kikao kigumu, umeandikwa kwenye hariri.

Kilichotokea, 2005 hadi 2006

Novemba 2005 hati iliingia kwenye mnada wa vitabu na nyaraka za zamani Tokyo. Mtafiti mmoja Mkorea aliyekuwa huko akaitambua na habari ikafika Korea. Miezi kadhaa ikapita. Mwaka 2006 kituo cha televisheni cha MBC, kwenye kipindi chake cha burudani cha wikendi, kikaanzisha sehemu iliyobeba namba 74434, ambayo ndo ilikuwa hesabu ya wakati huo ya vitu vya urithi wa Korea vilivyojulikana kuwa nje ya nchi. Hati ya Kim ikawa mradi wake wa mwanzo. Watu wakachanga. Jinju nako wenyeji walikuwa wameshalishika hilo suala kama la kwao. Hela ikafika, yen milioni 14, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama won milioni 120. Julai 2006 hati ikarudi, ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Korea, na Desemba mwaka huohuo ikatangazwa rasmi kuwa Hazina namba 1476. Baadaye ikapelekwa Makumbusho ya Taifa ya Jinju.

Hiyo ndo hadithi yote, fupi, na haina mwizi aliyekamatwa wala kesi mahakamani.

Maamuzi, na kwa nini yaliamuliwa hivyo

La kwanza lilikuwa kutokimbilia sheria. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za utamaduni hauangalii nyuma, na Japani yenyewe ilijiunga 2002. Na kati ya Korea Kusini na Japani kuna makubaliano ya 1965, ambayo chini yake Japani ilirudisha vitu kama 1,400, na tangu hapo msimamo wa Tokyo ni kwamba suala kati ya serikali na serikali limekwisha. Alafu aliyekuwa nayo sio serikali, ni mtu wa biashara ya vitabu vya zamani. Unamdai nini? Utahitaji kuthibitisha ilitoka vipi kwenye nyumba ya ukoo wa Kim, siku gani, mikononi mwa nani. Ukianza kesi bila hayo, mwenye mali anaifungia kabatini, au anamuuzia mtu mwingine kimyakimya, na ukija kuisikia tena ni baada ya miaka 50.

La pili ni hela itoke wapi. Serikali ikinunua kitu kama hiki, kesho wafanyabiashara wote wa Tokyo na Osaka wanajua kuna mteja mwenye mfuko usio na mwisho. Tena serikali ikilipa ni kama imekiri aliyeuza alikuwa mmiliki halali. Wananchi wakilipa, serikali haijasema kitu. Inaonekana kama ujanja wa maneno tu, lakini kwenye diplomasia maneno ndo kazi yenyewe.

La tatu ni kutangaza au kunyamaza. Hapa ndo penye hatari, na kila mtu aliyewahi kununua gari la mkononi anaijua: ukionyesha unalitaka, bei inapanda. Kwenda kwenye televisheni na kusema tunaitaka hii hati kwa udi na uvumba ni kumkabidhi muuzaji rungu. Wakaenda hivyohivyo. Nadhani walipima kwamba bila televisheni hela isingepatikana haraka, na kwamba muuzaji naye macho ya nchi mbili yakiwa juu yake hawezi kuizungusha bei kila wiki. Kelele zinakata pande zote mbili.

La nne, mi naliona kubwa kuliko yote na halizungumzwi: hati iliishia makumbusho ya umma, haikupewa ukoo. Kumbuka ndani ya hati mfalme anasema manufaa yaende kwa mtoto wa kwanza kizazi hadi kizazi. Kim hakuacha mtoto wa kiume wa kumzaa, alirithiwa na mtoto wa kuasili, Kim Chi, na mjukuu wake alikuwa Kim Deuk-sin, mshairi aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1604, maarufu kwa kuwa mzito darasani na kurudia kusoma habari moja ya Kichina zaidi ya mara laki moja na kumi elfu. Ukoo ulikuwepo na upo. Ila kitu kilichokombolewa na maelfu ya wachangiaji hakiwezi tena kuwa cha sebuleni kwa mtu.

Nini kilifanya kazi, nini kiliharibika

Ili kupima, usiiangalie peke yake. Kipindi hichohicho kulikuwa na vitu vingine viwili vilivyorudi Korea kutoka Japani, kila kimoja kwa mlango wake.

Oktoba 2005, mwezi mmoja tu kabla ya ule mnada, jiwe la kumbukumbu la Bukgwan lilirudi kutoka hekalu la Yasukuni. Hilo nalo ni la vita vilevile, linasifu ushindi wa kaskazini, na lilichukuliwa wakati wa vita vya Urusi na Japani, 1905. Lilirudi kwa mazungumzo, na kwa kuwa asili yake ni kaskazini, Machi 2006 likapelekwa Korea Kaskazini. Na Julai 2006, mwezi uleule wa hati ya Kim, Chuo Kikuu cha Tokyo kilirudisha juzuu 47 za kumbukumbu za kifalme za Joseon zilizokuwa zimehifadhiwa mlima Odae na kuchukuliwa 1913. Nyingi za lile kundi ziliungua kwenye tetemeko la Kanto la 1923. Chuo hakikusema "tunarudisha", kilisema "tunatoa zawadi" kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Watu wengi Korea walikasirika, zawadi ya kitu chetu? Lakini vitabu vikaja.

Weka hayo matatu mezani. Jiwe lilikuwa na tarehe ya kuchukuliwa na mahali linaposimama, kila mtu akiliona, kwa hiyo mazungumzo yaliwezekana japo yalichukua miaka na miaka. Vitabu vilikuwa kwa taasisi yenye jina la kulinda. Hati ya Kim haikuwa na kimoja wapo, ilikuwa bidhaa. Na bidhaa unainunua. Wanaosema "wangekomaa tu mpaka wapewe bure" wanaisahau tofauti hii, kwamba hekalu na chuo kikuu vinaweza kuona aibu ila mnada hauna aibu. Miaka mitano baadaye Korea ilipokea kutoka Ufaransa juzuu 297 za kifalme zilizoporwa 1866, na hata hizo zilikuja kwa njia ya mkopo wa kufanywa upya kila miaka mitano. Zimekaa Seoul, kwenye makaratasi zimeazimwa. Ukiona hivyo unaelewa kwamba njia safi haipo, unachagua ni doa gani unaweza kuishi nalo.

Kwa hiyo kilichofanya kazi ni haraka. Kutoka mnadani mpaka makumbusho miezi minane hivi, kwa mambo ya urithi hiyo ni kasi ya pikipiki. Na kuichukulia kama dharura badala ya kama kesi ya kanuni.

Kilichoharibika, kwanza ni historia ya njia. Hati ikishanunuliwa, nani tena ana hamu ya kuuliza ilitokaje? Mnunuzi ameridhika, muuzaji kalipwa, na ule mnyororo wa mikono iliyoipitia unabaki gizani, wakati huo ndo ushahidi ambao kesi inayofuata ingeuhitaji. Ningekuwa mezani, ningedai hilo liwe sehemu ya bei: hela hii hapa, tupe na daftari lako, ulinunua kwa nani. Sijui kama angekubali, lakini kuomba hakukati mkono.

La pili ni hadithi iliyouzwa kwa wachangiaji. Kampeni ya kuchanga inamtaka shujaa msafi na adui wazi, huwezi kumwambia mtu atume hela simu kwa simu ili tulete nyumbani muhtasari wa mfalme aliyekuwa anajisafisha. Lakini ndo kilicholetwa. Mtu akisimama mbele ya kioo akasoma tu "alikuwa mwaminifu, mfalme akamshukuru", amekosa nusu ya kitu alicholipia. Hajui kwamba jina la Won Gyun liko juu ya jina la Kim kwenye hariri hiyohiyo. Hajui wale 86, wala wale watumwa 9.

Na la tatu ni ile namba. Ya 74,434 ilikuwa ya kuvutia kwenye televisheni, inashikika kichwani. Baadaye hesabu ikafanywa vizuri zaidi, tangu 2012 kuna taasisi maalumu ya kufuatilia urithi wa Korea ulio nje, na sasa namba iko zaidi ya laki mbili. Haina maana kwamba vitu vimezidi kutoka, ni kwamba watu wamezidi kuhesabu. Ila aliyechanga 2006 akidhani tumebakiza 74,433 leo anaona kama kazi imerudi nyuma. Mi ningeepuka kuweka namba kwenye jina la mradi, namba inazeeka vibaya.

Hati iko wapi sasa

Makumbusho ya Taifa ya Jinju yako ndani ya ngome yenyewe. Sio karibu nayo, ndani. Yalifunguliwa 1984, na tangu 1998 yamejikita kwenye vita hivyo vya 1592. Kuta ambazo wazee na wanawake walisimama juu yake na nguo za kiume ziko nje pale, zimekarabatiwa, na mto Nam unapita chini.

Kwenye orodha ya wale 18, daraja la tatu, kuna jina la Yi Gwang-ak, yule aliyeshika uongozi Kim alipopigwa risasi. Ngome waliilinda pamoja, mmoja akaanguka, mwingine akamalizia kazi. Kim alipewa watumwa 9 na gyeol 80, Yi akapewa 7 na gyeol 60, na jina lake la heshima likawa fupi kwa herufi mbili.